Munganga Dutton, aliyefia Kasongo

Mwanafunzi anayesoma habari za homa ya kimputu atakuta jina Borrelia duttonii. Jina hilo limetoka kwa mtu, na mtu huyo alikufa hapa kwetu Kasongo, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30 tu.

Joseph Everett Dutton alizaliwa Uingereza mwaka 1874, akasomea uganga Liverpool. Mwaka 1901 alitumwa Gambia kuchunguza malaria. Huko munganga mwenzake, jina lake Forde, alikuwa na mgonjwa, nahodha wa chombo cha serikali, ambaye homa yake haikusikia kinini. Forde alikwisha kuona katika damu yake vijidudu kama minyoo, asijue ni nini. Dutton akatazama kwa mikroskopi: kumbe ni tripanosoma! Mwaka 1902 akaipa jina Trypanosoma gambiense. Ndiyo inayoleta ugonjwa wa usingizi.

Hapa tusimame kidogo. Mwaka 1839 Schwann, ambaye baadaye alifundisha Louvain na Liège, alionyesha kwamba miili ya wanyama imejengwa kwa seli, kama ile ya mimea. Tripanosoma ni seli moja tu, lakini si seli ya hivi hivi. Ina kiini, na karibu na shina la mkia wake kuna doa dogo linaloshika rangi sana. Wataalamu wa wakati wa Dutton walidhani ni kiini cha pili, kidogo. Leo tunajua kwamba doa lile ni ADN ya mitokondria, ile sehemu inayoipa seli nguvu.

Sasa, kama kiini kina ADN tayari, mitokondria ina ADN yake ya nini? Ni kwa sababu babu yake alikuwa bakteria aliyejitegemea. Zamani sana, zaidi ya miaka milioni elfu moja iliyopita, seli moja ilimwingiza bakteria ndani yake, isimsage. Wakakaa pamoja, huyu akitoa nguvu, yule akitoa makao na chakula, mpaka hakuna aliyeweza kuishi bila mwenzake. Mwaka ule ule wa 1905 Mrusi Mereschkowsky aliandika jambo kama hilo juu ya kloroplasti za majani, na wengi hawakumsadiki. Lynn Margulis wa Marekani alilifufua mwaka 1967, halafu uchunguzi wa ADN ukathibitisha. Basi Dutton alikuwa akichora alama ya mgeni yule wa kale, bila kujua.

Mwaka 1903 alifika Kongo pamoja na Todd na Christy kuchunguza ugonjwa wa usingizi. Mfalme Leopold II ndiye aliyeomba. Tusifiche kwamba ilikuwa ni wakati wa mpira, na watu waliteswa sana. Kule Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, Dutton na Todd walishughulika na homa ya kimputu. Wenyeji walijua tangu zamani kwamba mdudu huyu akiuma, homa inafuata. Wao wawili wakahakikisha: waliwaacha vimputu wawaume nyani, na nyani wakaugua. Hata vimputu wadogo, waliotoka katika mayai ya mama mwenye ugonjwa, waliambukiza vilevile. Mwaka huo wa 1904, Ross na Milne nao walikuwa wamefikia jibu hilohilo huko Uganda.

Kinacholeta homa hii ni spirokete, bakteria aliyejipinda kama waya wa springi. Huyu hana kiini wala mitokondria. Ni seli ya namna ya kwanza, iliyokuwako kabla ya seli zenye wageni ndani. Lakini ujanja wake ni ule ule wa tripanosoma: askari wa damu wakizoea ganda lake, analibadilisha. Ndiyo maana homa inaondoka, mgonjwa anafurahi, kisha inarudi tena.

Dutton na Todd wote waliambukizwa. Todd alipona. Dutton alifika Kasongo, na hapo akafa. Ripoti ya kazi yao ilitoka mwaka huohuo, na mwaka 1906 Novy na Knapp walimpa yule spirokete jina la marehemu.

Kimputu bado yuko katika Afrika ya kati na ya mashariki. Anajificha katika nyufa za sakafu ya udongo na za kuta, anatoka usiku watu wakiwa wamelala, anakunywa damu na kurudi ufani kabla hakujapambazuka.