Maisha ya Al-Khwarizmi, Bwana wa Aljebra

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi vijana mlioko madarasani hivi sasa, mhariri aliponitaka niandike habari za mtu mashuhuri aliyefariki zamani, nadhani alitazamia nimlete mwanasiasa. Mimi nimemchagua mtu ambaye wengi wetu tulimlaani tulipokuwa kidato cha pili, bila hata ya kumjua jina. Huyo ndiye aliyetuletea aljebra.

Jina lake ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, na aliishi yapata mwaka 780 hadi 850. Neno la mwisho katika jina hilo lamhusisha na Khwarizm, nchi iliyo kusini ya Bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika baina ya Uzbekistan na Turkmenistan. Lakini kazi yake aliifanyia Baghdad. Mji huo ulikuwa bado mpya, kwani Khalifa al-Mansur aliuanzisha mwaka 762, nao ulikua upesi kwa biashara. Bidhaa ziliingia kwa mito na kwa misafara, na lugha za kila namna zilisikika sokoni. Aliyepata kupita Mtaa wa Kongo siku ya mkesha wa Idi hatapata taabu kuukisia.

Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hadi 833, alikuwa mpenda elimu. Chini yake wataalamu wa Nyumba ya Hekima walikusanya vitabu vya Wayunani na vya Wahindi, wakavifasiri kwa Kiarabu, lugha ambayo mtu wa mji ule aliielewa. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wa wataalamu hao. Alitengeneza majedwali ya mwendo wa jua, mwezi na sayari, na akatunga kitabu cha jiografia chenye kuonyesha mahali palipo miji, milima na mito zaidi ya 2,000. Hayo nayapita haraka, maana yanatosha makala nyingine.

Kitabu kilicholifanya jina lake lisife ni kile cha al-jabr na al-muqabala. Khalifa ndiye aliyemhimiza akiandike, kiwe kifupi na chepesi. Mwandishi mwenyewe aeleza mwanzoni nia yake: kuwapa watu hesabu wanazozihitaji katika mirathi, wasia, kugawana mali, kesi, biashara, kupima ardhi na kuchimba mifereji. Wala hayo hayakuwa maneno ya dibaji tu. Karibu nusu nzima ya kitabu ni maswali ya wasia na mirathi.

Chukueni swali lake moja. Mwanamke amefariki, ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mabinti watatu. Ameusia pia kwamba mtu asiye wa ukoo apewe sehemu ya nane na sehemu ya saba ya mali yake. Mtu wa nje hutangulia kupata 15/56. Kilichobaki, yaani 41/56, hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu: mume robo, na mtoto wa kiume mara mbili ya binti. Ukiyakata mabaki hayo mafungu 20, mume ana 5, kijana ana 6, na kila binti ana 3. Al-Khwarizmi aligawa mali yote katika mafungu 1,120 ili pasiwe na kipande kinachovunjika. Mtu wa nje 300, mume 205, kijana 246, na kila binti 123. Jumlisheni wenyewe muone kama kuna senti iliyopotea.

Swali hilo lanigusa. Nyumba ya babu yetu, nyumba ya vyumba sita upande wa Gerezani, iliuzwa ili pajengwe ghorofa. Siku ya kugawana fedha tulikaa ukumbini wajukuu watano tuliomaliza sekondari, wawili tukiwa na shahada. Shangazi akauliza fungu lake ni kiasi gani. Tukatazamana. Aliyetoa jibu ni mzee mmoja muuza nazi, jirani, aliyeishia darasa la nne. Alihesabu kwa punje za mahindi juu ya mkeka, kisha akaturudishia kalamu yetu. Shangazi alipata haki yake siku ile, lakini si kwa msaada wetu tuliosomeshwa.

Si kwamba al-Khwarizmi ndiye binadamu wa kwanza kutatua milinganyo. Watu wa Babeli walifanya hivyo zaidi ya miaka 2,000 kabla yake, na Brahmagupta wa India alikwisha kufika mbali. Lakini yeye aliipanga kazi hiyo. Aliiweka milinganyo yote aliyoishughulikia katika aina sita, akatoa njia ya kila aina, na sababu ya njia kuwa sahihi. Nayo aliyaeleza yote kwa maneno matupu. Hakuna x wala y katika kitabu chake. Namba isiyojulikana aliiita kitu, au mzizi. Namba hiyo ikizidishwa kwa yenyewe, aliiita mali. Naam, ni mali ile ile tunayoitaja sisi kila siku.

Na al-jabr ni nini? Ni kurudishia kilichopungua, kukiunga kilichovunjika. Huko Hispania neno hilo liliendelea kutumika hata kwa mganga wa kuunga mifupa. Ikiwa kumi iliyopunguliwa kitu ni sawa na nne, rudishia kitu hicho pande zote mbili, nawe utapata kumi ni sawa na nne na kitu. Kitu ni sita. Al-muqabala nayo ni kukabilisha, yaani kuondoa kilicho sawa pande zote.

Mimi nilifundishwa kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hubadili alama yake. Kwa nini? Sikuambiwa, na nilipouliza niliambiwa nikae chini. Ilhali kila jumamosi nilimsaidia mjomba kuuza maharage katika Soko la Kariakoo, kule chini tunakoita Shimoni, na mizani yake ya sahani mbili ilinionyesha jambo hilo hilo mbele ya macho. Weka mifuko miwili ya maharage iliyo sawa pamoja na jiwe la kilo moja upande huu, na mawe ya kilo saba upande wa pili. Mizani imetulia. Toa kilo moja huku, toa na kule. Mifuko miwili ni kilo sita, kila mmoja kilo tatu. Sikupata hata siku moja kuona kwamba mjomba alikuwa akifundisha aljebra, naye hakujua.

Mchoro wake mashuhuri pia unataka vifaa vichache. Mali na mizizi kumi ni sawa na 39. Je, mzizi ni ngapi? Tafuteni maboksi yanayotupwa nje ya maduka ya Mtaa wa Msimbazi. Kateni mraba, ambao upande wake ndio mzizi tunaoutafuta. Bandikeni mistatili miwili kwenye pande mbili zinazokutana, kila mmoja upana wake 5. Eneo la umbo hilo ni 39, ila pembeni pana pengo. Pengo hilo ni mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Lizibeni, mtapata mraba mkubwa wa 64, upande wake 8. Toeni 5, mzizi ni 3. Yule anayekariri kanuni ndefu ya kutafuta kipeuo atastaajabu kuona kwamba kanuni yenyewe ni boksi lililozibwa pembe. (Jibu la pili, lile hasi, al-Khwarizmi hakulishughulikia. Mraba wenye upande pungufu ya sifuri hakuna fundi awezaye kuukata.)

Aliandika pia kitabu juu ya tarakimu za Wahindi, hizi tunazotumia, pamoja na sifuri. Katika karne ya 12 kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini, na jina lake likatamkwa Algoritmi. Humo ndimo lilimotoka neno algorithimu, linalotajwa leo na kila mwenye kompyuta. Kile cha aljebra kilifasiriwa na Robert wa Chester mwaka 1145, kisha na Gerard wa Cremona, kikawafundisha Wazungu. Kwetu pwani maneno yalifika kwa njia ya jahazi: hesabu, sifuri, sita, saba, tisa, ishirini, mia, elfu. Mtoto wa Kariakoo hujua nusu ya msamiati wa bwana huyu kabla hajaanza shule, kisha huja kukutana naye kidato cha kwanza kwa Kiingereza kama mgeni kabisa. Mimi ni mtumishi wa serikali, na sera ya lugha si mahali pa kuijadili katika jarida hili. Lakini mwalimu hazuiwi kuleta mizani darasani.

Vijana, nafahamu matokeo yenu. Kwa miaka mingi sasa, katika mtihani wa kidato cha nne, watahiniwa wanaofaulu hisabati nchini hawafiki theluthi moja. Na wengi wa wanaoshindwa ni watoto wale wale wanaorudisha chenji dukani bila kukosea.

Mjomba amekwisha kufariki. Mizani yake ninayo nyumbani, sahani zote mbili ni nzima, ila jiwe la nusu kilo lilipotea na inabidi nilitafute jingine. Nimemwandikia Mkuu wa Shule, naye amekubali. Nitaileta siku ya mkutano wetu, iwekwe katika chumba cha hisabati.