Imani ya Bakhita ilionekana jikoni na mlangoni

Siku hizi si kazi ngumu kumtambua Mkristo kwa macho. Rozari inaning'inia kwenye kioo cha gari, picha ya Moyo Mtakatifu iko sebuleni, sare ya chama cha kitume imepigwa pasi tangu Jumamosi. Hayo yote ni mema. Lakini Bwana wetu alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake, na matunda ya imani mara nyingi huiva mahali ambapo hakuna anayetazama. Leo tumtazame mwanamke Mwafrika ambaye imani yake ilionekana hasa katika kazi za nyumbani: Mtakatifu Josephine Bakhita.

Alizaliwa Darfur, nchini Sudan, karibu mwaka 1869. Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, akatembezwa kwa miguu safari ndefu, akauzwa na kununuliwa mara kadhaa. Kwa hofu na mateso alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Jina la Bakhita alipewa na watekaji. Ni neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na neno letu bahati. Mtoto aliyenyang'anywa kila kitu akaitwa mwenye bahati.

Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alikuwa mtumishi wa wanawake wa nyumba hiyo, na viboko vilikuwa chakula chake cha kila siku. Huko alichanjwa mwilini kwa wembe, chale zaidi ya mia moja, kisha vidonda vikasuguliwa kwa chumvi ili alama zisifutike. Alibaki nazo hadi kifo.

Mwaka 1883 alinunuliwa na Callisto Legnani, balozi mdogo wa Italia mjini Khartoum. Kwa mara ya kwanza akaishi na bwana asiyempiga. Mwaka 1885 Legnani aliporudi kwao, Bakhita aliomba kufuatana naye. Walipofika Italia alikabidhiwa kwa familia ya Michieli, akawa mlezi wa binti yao mdogo. Msimamizi wa mali ya familia hiyo, Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita hakujua huyo aliyesulubiwa ni nani, lakini aliutunza kwa siri kama hazina.

Mama wa familia alipolazimika kwenda Sudan, ambako mumewe alikuwa na hoteli, aliwaacha Bakhita na mtoto kwa Masista wa Canossa mjini Venezia. Hapo ndipo Bakhita alipofundishwa katekisimu. Alielewa kwamba yule ambaye utotoni alimwaza kila alipotazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza nani mwenye vitu hivi vizuri, anamfahamu na anampenda.

Mama yule aliporudi kumchukua mwaka 1889, Bakhita alikataa. Kukataa kulikuwa na gharama, maana alimpenda sana mtoto aliyemlea, na alijua anaachana naye. Alibembelezwa, akalaumiwa kwamba hana shukrani, lakini hakuyumba. Shauri likafika kwa wenye mamlaka, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yu mtu huru, kwa kuwa sheria ya Italia haikutambua utumwa. Tarehe 9 Januari 1890 alipokea Ubatizo, Kipaimara na Komunyo ya Kwanza. Mwaka 1896 aliweka nadhiri za kitawa.

Tangu mwaka 1902 aliishi katika mji wa Schio, na isipokuwa vipindi vichache, alibaki huko hadi mwisho. Alifanya nini? Alipika. Alishona na kudarizi. Alitunza sakristia. Alikuwa bawabu wa konventi, akiwafungulia watu mlango. Watoto waliokuja shule walimpenda, maskini walipata kwake neno la faraja, na watu wa mji wakazoea kumwita Mama Mweusi wetu kwa upendo.

Historia yake ilipoandikwa na kuchapishwa mwaka 1931, watu walimiminika kumwona, naye akaona haya, kisha akarudi kwenye kazi zake. Kuhusu waliomteka na kumtesa, alisema kwamba kama angekutana nao angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa sababu njia ile ya mateso ndiyo iliyomfikisha kwa Kristo.

Hapa tuelewane vizuri. Bakhita hakuusifu utumwa. Aliyesamehe kiasi hicho ndiye yuleyule aliyekataa kurudi utumwani. Kusamehe ni kumwondolea mkosaji deni moyoni. Hakumlazimishi mtu kurudi chini ya fimbo. Ninyi mnaoteswa majumbani na kuambiwa mvumilie kwa sababu ni Wakristo, mkumbukeni Bakhita siku ile ya mwaka 1889.

Katika ugonjwa wake wa mwisho, mawazo yalimrudisha utumwani, akamwomba muuguzi amlegezee minyororo. Majeraha ya utoto hayaishi kirahisi, hata kwa mtakatifu. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na Papa Yohane Paulo II akamtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Siku ya kifo chake sasa ni siku ya sala dhidi ya biashara haramu ya binadamu.

Wapendwa, katika nyumba zetu nyingi yupo binti aliyeletwa kutoka kijijini kutusaidia kazi. Tunatoka Misa ya kwanza, tunamkuta ameshapika. Je, naye husali Dominika, au sisi tunakwenda kwa niaba yake? Hula tunachokula, au makombo? Mshahara wake hulipwa mwisho wa mwezi, au tunamwambia tunamtunzia? Tunamwita kwa jina lake? Kuna nyumba zenye picha ya Bakhita ukutani, na binti wa kazi jikoni anapigwa mwiko kwa sababu ya wali ulioungua.

Anayetaka kujua kama imani yake ni ya kweli asiniulize mimi paroko wake, ambaye humwona saa moja na nusu kwa wiki. Amtazame usoni yule anayemfungulia geti usiku akirudi nyumbani. Uso ule utamjibu.

Mtakatifu Josephine Bakhita, utuombee. Dominika njema.