Maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Aliyeitwa Tippu Tip

Bismillahi r-Rahmani r-Rahim.

Hamed bin Muhammed bin Juma el-Murjebi alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, na baba yake alikuwa tajiri wa Unyanyembe. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kwenda mrima pamoja na ndugu yake na wajomba zake, kufanya biashara ya sandarusi. Alipopata miaka 18 akafuatana na baba yake bara, hata Ujiji, kisha yeye akavuka ziwa la Tanganyika. Kila alipofika alitaka kujua nchi ni ya nani, njia yapita wapi, na pembe zauzwaje. Na alilolijua hakulisahau.

Baadaye akaongoza safari zake mwenyewe. Alipita Ufipa, nchi ya juu ulipo leo mji wa Namanyere, akaingia Urungu, kisha Itahua. Huko mwaka 1867 alipigana na sultani Nsama, akamshinda, akatwaa pembe nyingi sana. Mwaka ule ule alionana na Livingstone, na mwaka 1876 akafuatana na Stanley katika nchi ya Manyema. Nao wote wawili walihitaji ujuzi wake wa njia.

Uzee ulipomfika alikuwa amekwisha rudi Unguja. Mdachi mmoja, Heinrich Brode, akamwomba aandike habari zake. Akaziandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akianzia pale pale, mtoto wa miaka 12 na sandarusi zake. Majina ya masultani, mali aliyokopa kwa Taria Topan, vita na njaa, vyote vilimtoka kifuani. Brode akazigeuza kwa herufi za Kizungu, zikapigwa chapa Berlin mwaka 1902 na 1903. Hicho ni katika vitabu vya kwanza vya Kiswahili ambavyo mtu amesimulia maisha yake kwa nathari.

Ama msomaji asighurike na utamu wa hadithi. Pembe zile zilifuatana na utumwa na miji iliyochomwa moto, na mwenyewe ameyasimulia bila ya kuona haya. Basi kitabu chake ni shahidi wa akili yake, na ni shahidi juu yake. Mtoto mwenye kuuliza sana asikemewe, kwani huenda akawa mhifadhi wa habari za watu; lakini afundishwe kuuliza na hili: je, jambo hili ni haki au ni dhuluma?

Alifariki Unguja tarehe 14 Juni 1905, sawa na mwaka 1323 wa Hijra. Mali yake ilitawanyika, masimulizi yake yakabaki.

Wa billahi t-tawfiq.