Fransisko Ksaveri, mtakatifu aliyeshindwa kutulia



Kwetu Mwera, huku Pangani, mtoto asiyekaa chini anaitwa mtundu. Akikua hivyohivyo, akafika kazini anaanza mambo matano na kumaliza moja, jina linabadilika: sasa ni mvivu, au hasali vya kutosha. Madaktari wana jina jingine kwa baadhi ya watu hao: ADHD. Ni hali ya ubongo inayoanza utotoni. Si pepo, si dhambi.

Leo tumtazame mtakatifu ambaye kutulia kulimshinda maisha yake yote. Sisemi alikuwa na ADHD. Mtu aliyekufa mwaka 1552 hapimwi. Ila maisha yake yanatuonyesha moyo usiotulia unaweza kufanya nini ukipata kazi yake.

Fransisko alizaliwa tarehe 7 Aprili 1506 katika ngome ya Ksaveri, Navarra, ambayo leo iko Hispania. Mwaka 1525 alikwenda Paris kusoma. Alikuwa kijana wa michezo, hodari wa kuruka, mpenda sifa, mwenye ndoto za cheo. Na kichwa alikuwa nacho: alihitimu falsafa, akamfundisha Aristotle. Mimi niliyemaliza falsafa juzi tu nawaambia, huyo mzee si mwepesi! Kwa hiyo tusichanganye asiyetulia na asiye na akili.

Chumba kimoja alikaa na Petro Favre, kisha akaja Inyasi wa Loyola, aliyewazidi umri. Favre alielewana na Inyasi mapema. Fransisko alichukua miaka. Inyasi hakumlazimisha apoe. Alimtafutia wanafunzi, alimsaidia alipokwama kwa fedha, na polepole akamfanya ajiulize nguvu zote zile zinakwenda wapi. Tarehe 15 Agosti 1534, pale Montmartre, wenzao saba waliweka nadhiri pamoja, naye akiwemo.

Mwaka 1540 alikuwa Roma, anamsaidia Inyasi kuandika barua. Yaani kazi ya mezani! Mfalme wa Ureno akaomba wamisionari wa India. Aliyechaguliwa, Bobadilla, akaugua, na Fransisko akaambiwa achukue nafasi yake. Ndani ya siku chache akawa njiani. Alikuwa mtu yuleyule. Kilichobadilika ni kazi.

Alitweka kutoka Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35. Meli ilikaa miezi kadhaa kisiwani Msumbiji, naye akahudumia mabaharia wagonjwa. Mwaka 1542 akaelekea kaskazini kwa njia inayopita bahari ya pwani yetu, akatua Malindi. Hapo alizika baharia mmoja, akazungumza na mzee wa Kiislamu juu ya watu kupoa katika sala. Tarehe 6 Mei akafika Goa.

Huko ndiko yale yaliyoonekana kasoro yalipogeuka mtaji. Hakungoja watu kanisani. Alipita mitaani akipiga kengele, watoto wakamfuata. Kwa wavuvi wa kusini mwa India alitafsiriwa sala kwa Kitamil, akazikariri, akazifundisha kijiji hadi kijiji. Mwaka 1545 yuko Malacca, 1546 visiwa vya Maluku, na tarehe 15 Agosti 1549 anashuka Japan. Hali mpya haikumtisha, ilimwamsha.

Lakini tusimpake rangi. Kasi yake ilikuwa na gharama. Alipokuwa Japan, mkuu aliyekuwa akiongoza chuo cha Goa aliwafukuza wanafunzi wa Kihindi, na Fransisko hakuwepo kuzuia. Aliporudi mwaka 1552 ilibidi atengeneze kilichoharibika. Kipaji cha kuanza hakikuletei bure kipaji cha kusimamia.

Kilichomshika asisambaratike ni utii na marafiki. Aliandika barua ndefu, akatoa hesabu ya kazi zake. Alikata sahihi za wenzake kwenye barua walizomwandikia, akazivaa shingoni. Maelfu ya maili mbali, bado alikuwa na watu wa kumrudisha kwenye mstari.

Alifariki tarehe 3 Desemba 1552 katika kisiwa cha Shangchuan, akingoja chombo cha kumvusha kuingia China. Katikati ya mwaka 1553 Inyasi, asiyejua kwamba rafiki yake ameshalala, alimwandikia barua ya kumwita arudi Ulaya. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1622, pamoja na Inyasi.

Basi wewe unayesahau funguo, unayechelewa kikao, lakini mambo yakiharibika ndiwe wa kwanza kupata wazo: usijidharau. Ukiona hali hiyo inakuvurugia kazi au masomo, nenda kwa daktari. Kutafuta matibabu si kukosa imani. Tafuta kazi inayohitaji miguu yako na uthubutu wako. Kisha tafuta Inyasi wako, mtu mmoja utakayempa hesabu kila wiki: nilianza nini, nimemaliza nini.

Na ninyi wazazi na wakubwa wa kazi mnaosoma hapa, kabla hamjamwita kijana mvivu, mjaribuni kwenye kazi nyingine.

Ee Bwana, uliyetupa mioyo ya namna nyingi, utuonyeshe kila mmoja bahari yake, na utupe wenzetu wa safari. Amina.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, utuombee.