Edgar Sengier: mzee aliyeijua thamani ya shimo la Shinkolobwe

Shuleni wote tulikaririshwa kuwa tarehe 6 Agosti 1945 Marekani iliangusha bomu la atomiki Hiroshima. Mtihani ukapita, basi. Ila mimi sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuambia malighafi ya lile bomu ilichimbwa wapi. Sehemu kubwa ilitoka kwa jirani zetu, Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, Katanga, Kongo. Wenyeji wa huko wanaongea Kiswahili kama sisi.

Na aliyeiuza ni Mbelgiji mmoja, Edgar Sengier. Leo tumjue huyu mzee.

Alizaliwa Kortrijk, Ubelgiji, mwaka 1879. Akasomea uhandisi wa madini Leuven, akamaliza mwaka 1903. Mwaka 1911 akaingia Union Minière, kampuni iliyoshika shaba ya Katanga, akapanda vyeo mpaka akawa bosi mkubwa.

Mwamba wa Shinkolobwe uligunduliwa mwaka 1915. Enzi hizo dili lilikuwa radi, madini ya hospitalini yaliyouzwa kwa bei ya kutisha. Urani yenyewe ilikuwa kama makapi, wanapakia rangi vyombo vya udongo. Mwaka 1937 mgodi ukafungwa kwa kuwa akiba ilitosha, maji yakajaa shimoni.

Mei 1939 mambo yakageuka. Sengier akiwa London, mwanasayansi wa serikali ya Uingereza, Henry Tizard, akamtahadharisha kwamba yale mawe yakiangukia mikononi mwa adui, ni balaa. Wanasayansi wa Ufaransa nao wakamfuata kwa habari hiyo hiyo. Mzee akaelewa. Vita vilipoanza akahamia New York, na mwaka 1940 akaagiza tani kama 1,200 za mawe yaliyokuwa yamekwishachimbwa zisafirishwe kimya kimya mpaka ghala moja la Staten Island, pale pale New York. Akawadokeza wakubwa wa Washington. Wakamchunia!

Septemba 1942 ndipo ofisa wa jeshi, Kenneth Nichols, akabisha hodi ofisini kwake. Hakuamini alichosikia: mzigo ulikuwa umeshafika siku nyingi. Makubaliano yakaandikwa siku ile ile, kwenye karatasi tu. Na haukuwa mzigo wa mchezo. Kwingine mwamba wenye asilimia moja ya urani ulihesabika kuwa mzuri, huu wa Shinkolobwe ulifika asilimia 65. Jeshi la Marekani likatuma wahandisi kuufufua mgodi, na jina la Shinkolobwe likawa siri.

Mwaka 1946 Sengier akapewa medali ya heshima ya Marekani, raia wa kwanza asiye Mmarekani kuipata. Madini fulani ya kijani yakaitwa sengierite kwa heshima yake. Akafariki Cannes, Ufaransa, mwaka 1963, akiwa na miaka 83.

Sasa tuulizane. Wakongo waliofukua yale mawe na kuyapakia kwa mikono, nani anayajua majina yao? Vumbi la urani likiingia mapafuni linabaki humo. Mwamba wenyewe unatoa hewa ya radoni, haionekani, haina harufu, na inaleta kansa. Mzee aliwahi kujua thamani ya jiwe, waliolibeba hawakuambiwa hata linakwenda kufanya nini.

Na shimo halikufa na mzee. Mwaka 1960, Kongo ikielekea uhuru, Wabelgiji waliziba njia za chini kwa zege, wakaondoka. Miaka ya 1990 ikiisha, wachimbaji wadogo kwa maelfu wakarudi pale kusaka kobalti, wanachimba katikati ya mwamba wenye urani. Januari 2004 Rais wa Kongo akapiga marufuku. Watu wakaendelea, maana njaa haisomi amri. Julai mwaka huo shimo likaporomoka, wakafa watu wasiopungua wanane.

Sisi wa Kanda ya Ziwa hapo hatuhitaji kufafanuliwa. Anayejua maduara ya Geita anajua shimo likiachwa wazi vijana wataingia tu, hata kama kuna kibao cha hatari. Dhahabu lakini haitoi mionzi.

Na Tanzania tunayo urani, Mto Mkuju kule Namtumbo, Ruvuma. Sisemi isichimbwe. Nasema kabla ya kushangilia tuulize mapema: afya ya wachimbaji itapimwa na nani, kumbukumbu zao zitatunzwa wapi, na siku mwekezaji akifunga virago nani atalifukia shimo? Sengier aliuliza maswali yake miaka mitatu kabla ya mteja kufika, ndiyo maana akapata alichotaka.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Mwenye ndugu aliyewahi kufanya kazi migodi ya Katanga atupe habari.