Padre Georges Lemaître: Alitafuta Yasiyoonekana Angani

Vijana wetu wa Bagamoyo wanaosoma fizikia hutuuliza mara kwa mara iwapo sayansi itawapokonya imani. Tunapenda kuwajibu kwa maisha ya Padre Georges Lemaître.

Alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Alipigana Vita Kuu ya Kwanza akiwa askari wa mizinga, kisha akaingia seminari na kupewa Daraja Takatifu ya Upadre mwaka 1923. Mwaka 1927, akifundisha Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain, alionesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza kama atomu moja ya awali.

Einstein aliwahi kuweka namba thabiti katika milinganyo yake, kisha akaitupa. Lemaître aliitunza, na mwaka 1934 akaieleza kuwa nishati iliyomo katika nafasi tupu. Mwaka 1998 iligunduliwa kwamba kasi ya kutanuka inaongezeka, na namba ile ikarudi kwa heshima: ndiyo maelezo rahisi zaidi ya kile kiitwacho leo nishati ya giza.

Uzeeni alichunguza namna galaksi zinavyokusanyika makundi, akapenda mno ukokotoaji wa kompyuta. Leo wanasayansi huunda ndani ya kompyuta malimwengu ya mfano: hubadili tabia za maada na nishati ya giza, kisha hulinganisha makundi yanayotokea na yale ya angani. Pwani yetu nayo ilichangia. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, ikabaini katika makundi hayo gesi ya moto mkali, ambayo ingetawanyika isingeshikwa na uzito usioonekana.

Mwaka 1951 Baba Mtakatifu Pio XII alipouhusisha mwanzo huo wa ulimwengu na Uumbaji, Lemaître aliingiwa na wasiwasi. Hakutaka imani iegemezwe juu ya nadharia inayoweza kusahihishwa kesho, wala sayansi itumike kumkana Mungu. Hata hivyo alibaki mwana mtiifu wa Kanisa, na tangu 1960 aliiongoza Taasisi ya Kipapa ya Sayansi hadi alipofariki tarehe 20 Juni 1966.

Wazazi na makatekista, tusiwaogopeshe watoto wetu kwa maswali yao. Padre huyu aliadhimisha Misa, kisha akarudi kwenye hesabu zake, bila kuona kwamba moja humnyima nyingine.