Sakagwa aliutembea mji wa Kisii kabla haujajengwa

Ukishuka matatu pale Kisii mjini, usikimbilie boda boda. Leo unatembea, manake unafuata nyayo za mzee aliyeuzunguka mji huu kabla haujawa na hata nyumba moja ya bati. Anaitwa Sakagwa, wengine huandika Sakawa. Alikuwa nabii wa Abagusii kutoka Kitutu, na alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1900, kabla Waingereza hawajaweka boma lao hapa mwaka 1907.

Anzia nje ya Uwanja wa Gusii. Hebu ziondoe kichwani benki, maduka ya simu na kelele za makanga. Hapa paliitwa Getembe, na palikuwa vichaka na malisho. Wazee husimulia kwamba Sakagwa alipita hapa watu wakimfuata, akawa anawaonyesha: hapa watakaa askari, pale watalazwa wagonjwa. Akawaambia kuna wageni weupe wanakuja, wana nguvu, na vijana watanyang'anywa mikuki. Sasa jiweke wewe kwa nafasi ya huyo kijana. Mkuki ndio uliolinda ng'ombe wa baba yako, ndio umekupa jina, halafu mzee anakwambia huo mkuki si kitu. Ungemsikiliza?

Tembea hadi hospitali kuu, utazame mji. Hiyo sehemu ya hospitali mimi naitilia shaka kidogo. Masimulizi haya yaliandikwa mji ukiwa umeshasimama, na fimbo ya marehemu ni rahisi kuiongezea majengo. Tena reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na Kisumu si mbali. Mtu mwenye masikio angeweza kupata habari za wageni na bunduki zao bila kuoteshwa. Lakini kusikia habari ni jambo moja, kuwaambia vijana wenye hasira kwamba watashindwa ni jambo lingine kabisa.

Na walishindwa. Mwaka 1905 kikosi cha Waingereza kilikuja na bunduki ya rashasha, mikuki ikaenda kukutana na risasi. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akichochewa na nabii mwanamke Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Northcote akapona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipia ule mkuki ni wanavijiji: nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa kwa wingi hadi Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni kule London, akalalamika kwa maandishi.

Kwa hivyo ungedhani Sakagwa angekumbukwa kama mzee wa tahadhari tu. Wapi! Panda Nyanchwa, kilima kinachoutazama mji, nikueleze alivyogeuzwa.

Septemba 1914 vita vya Ulaya vilifika mpaka Kisii. Wajerumani walivuka kutoka upande wa Tanganyika, maofisa wa Kiingereza wakauhama mji, na tarehe 12 pande mbili zikapigana hapa. Wenyeji walikuwa wanaangalia Wazungu wakikimbia Wazungu. Na katika maneno yaliyohusishwa na Sakagwa kulikuwa na lile kwamba siku moja wageni wataondoka. Basi si ndiyo hiyo siku? Watu wakaingia madukani na ofisini wakabeba walichoweza. Misheni ya Waadventista hapa Nyanchwa na ile ya Wakatoliki kule Nyabururu zikaporwa pia. Haukupita muda Waingereza wakarudi, na ng'ombe wakatozwa tena.

Kifo chake nacho kilisaidia. Husimuliwa kwamba mwili wake haukuonekana, na mtu asiye na kaburi hungojewa. Dini ya Mumbo, iliyoanzishwa na Onyango Dunde huko Alego mwaka 1913, ilipoingia Gusii, ilikuta Sakagwa anangojewa tayari. Wafuasi wakahubiri kwamba atarejea na ukoloni utaisha. Serikali haikucheka. Mwaka 1921 baadhi ya viongozi wa Mumbo kutoka Gusii walihamishwa hadi Lamu, mbali na kila kitu walichokijua. Yaani mzee aliyewatuliza vijana ndiye jina lake likawa la kuwasimamisha, na watu wakafungwa kwa kumsubiri.

Hatua ya mwisho ni Manga, upande wa Nyamira. Kwa miguu ni mwendo mrefu na mwinuko hauna huruma, kwa hivyo beba maji. Usitarajie msitu. Njiani utapita migomba, majani chai na mikaratusi iliyopandwa hadi ukingoni mwa shamba, kila kipande kikiwa na mwenyewe. Ila ukifika juu, uwanda wote unafunguka chini yako, na hewa ikiwa safi unaliona ziwa upande wa Kisumu. Kwenye maji yale ndimo alimosemekana kutoka nyoka wa Mumbo. Kando yake ndipo reli iliposimama. Kaa hapo kidogo, lakini usichelewe kuteremka. Mvua ya Kisii hupenda kuja alasiri, na udongo wa Manga ukilowa unateleza vibaya.